Suruali Vipande Vinne

"Tulia, nisije nikakudunga," alisema Bi Mkubwa, pini zikiwa midomoni. Aliizungusha tepu kiunoni mwa mumewe, akaisoma, akaisoma tena. Kiuno kilikuwa kimeongezeka, na hakikuongezekea hapa.

"Huko unalishwa," alisema.

"Ni umri huo, mama watoto," alijibu Dereva.

Gari la matangazo lilipita nje likirudia yale yale ya wiki nzima: kesho ni sensa, na kila mtu atahesabiwa mara moja tu, pale atakapolala usiku huu. Dereva alikuwa na wake wawili. Usiku huu ulikuwa zamu ya Bi Mdogo, mtaa wa pili.

Bi Mkubwa alikuwa ameshazoea kugawana mume, kama watu wanavyogawana bomba la maji. Lakini hili lilimkaa kooni. Nchi nzima ihesabiwe, yeye aliyeolewa kwanza aandikwe mwanamke asiye na mwanamume ndani, na yule wa juzi ndiye aandikwe naye? Wivu ulimtembea mwilini kama sindano iliyopotelea kwenye nguo. Huijui ilipo mpaka uketi.

"Vua niipanue," alisema.

Dereva alivua suruali, akajifunga taulo. Suruali zake nyingine zote zilikuwa kwa Bi Mdogo, na hilo nalo lilikuwa neno. Bi Mkubwa alishika wembe, akafumua kiuno, akafumua mguu mmoja, akafumua na wa pili. Mezani suruali ikawa vipande vinne.

"Nilidhani ni kiuno tu!"

"Uzi umeisha. Duka limefungwa."

"Sasa nitatokaje?"

"Na taulo. Majirani nao wapate la kusema."

Dereva aliyeweza kuteremsha lori mlimani kwenye tope hakuweza kupita mbele ya wanaume wa kijiweni na taulo. Akalala. Bi Mkubwa naye alilala kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi karani wa sensa alibisha hodi. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kizibao cha rangi ya chungwa na kishikwambi mkononi.

"Shikamooni wazazi."

"Marahaba, karibu," waliitikia.

Dereva aliketi na taulo lake kama mfalme. Bi Mkubwa alikuwa kwenye cherehani, pini midomoni, akimalizia sare za shule za watoto wa watu kwa uzi ule ule uliokuwa "umeisha" jana.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi."

"Na mama?"

"Mke wangu."

Bi Mkubwa alitabasamu kwa pembeni, pini zisimwanguke. Neno hilo alikuwa amelifumulia suruali.

"Mama anafanya kazi gani?"

"Hana kazi huyo," alisema Dereva. "Yupo tu nyumbani. Anashonashona."

Cherehani ilisimama. Cherehani hiyo ndiyo iliyoezeka bati walilokaa chini yake. Ndiyo iliyosomesha watoto miezi ambayo lori lilikuwa juu ya mawe likingoja spea. Hata kiti alichokalia mkuu wa kaya kilitoka kwenye vifungo na pindo. Bi Mkubwa alitema pini kiganjani, kisha akazirudisha midomoni moja moja. Mume aliyemwiba usiku, atagombana naye vipi mbele ya mgeni asubuhi? Karani alikwishagusa kioo chake na kuhamia maswali ya choo na taa. Alipomaliza aliandika namba kwa chaki mlangoni, akaaga.

Hazikupita dakika nyingi, Bi Mdogo akaingia, kucha nyeusi kwa mkaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kama umemfuata mumeo, huyo hapo."

"Nani? Huyo? Kaa naye tu!" Bi Mdogo alicheka mpaka akashika mlango. "Dada, karani alianzia kwangu. Kaniuliza, mkuu wa kaya nani? Nikageuka kutazama nyuma, hakuna mtu. Nikasema, basi ni mimi. Kazi? Mfanyabiashara wa mkaa. Na kaandika! Wallahi nilijiona mrefu."

Sindano ile iligeuka, ikachoma upande mwingine. Bi Mkubwa alimtazama mwenzake, mdogo kwa umri, mweusi kwa vumbi la mkaa, mkuu.

"Karani yuko wapi sasa?"

"Anatoka kwa muuza maziwa pale."

Bi Mkubwa aliinuka.

"Unakwenda wapi?" Dereva aliuliza. "Na suruali yangu je?"

Hakumjibu. Alitoka na tepu shingoni, akapita wanaume wa kijiweni bila salamu. Mbele, kizibao cha rangi ya chungwa kilikuwa kinakaribia kona. Nyuma, Dereva alisimama kizingitini akimwita, mikono yote miwili ikishikilia taulo, asiweze kutoa mguu nje.

"We karani!" Bi Mkubwa alipaza sauti. "Mwanangu, ngoja! Kazi yangu umeiandika vibaya!"

Msichana alisita, akageuza shingo.