Kona za Shuka

Mngurumo ulitufikia kabla hatujafungua macho. Helikopta zilipita chini sana juu ya bati letu, moja nyuma ya nyingine, mpaka vikombe vikagongana kabatini. Kisha kimya. Kaka aliketi kitandani, ametega sikio.

"Wanabadilishana zamu tu," akasema.

"Zamu gani? Wamekuachia sabuni yao, kaka. Wamekwenda."

Kaka alikuwa dobi kwenye kambi ya wageni. Walikuja na vifaru kumng'oa rais wetu, wakasema wametuletea uhuru. Rais aling'oka kweli. Pamoja naye ziling'oka taa za barabarani, mahakama na nusu ya soko. Mimi sikuwahi kuwajibu hata salamu. Kaka alifua mashuka yao, na mshahara wake ndio uliotulisha, mimi na kiburi changu.

Kufikia mchana wapiganaji walikuwa wameshuka kutoka milimani na kuuteka mji. Walipita nyumba hadi nyumba wakiwatafuta waliowatumikia wageni. Jirani yetu mpishi walimchukua jioni ile ile. Hakurudi.

Mama akashika usukani. Kitambulisho cha kambini alikitia motoni kikaungua. Buti akazifukia. Hata sabuni aliimwaga, kwa sababu ilinukia maua ya kwao.

"Hata ukinuka, nuka kama sisi," akamwambia kaka, akimvisha ovaroli yangu yenye grisi. "Kuanzia leo wewe ni fundi baiskeli kama mdogo wako."

"Mama, sijui hata kuziba pancha."

"Nyamaza tu. Mafundi wengi hawajui."

Tulicheka, sote watatu.

Kesho yake walikuja. Kamanda wao alikuwa mwembamba, sauti yake ya chini. Wenzake aliwaacha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akamuuliza kaka kazi yake, akaitazama mikono yake myeusi kwa grisi, akaridhika. Akafunua masufuria, akafungua sanduku la nguo. Alikuwa anatoka alipolisogeza pazia la chumba chetu, akasimama.

Kitanda changu kilikuwa kama siku zote, shuka limejiviringisha kama utumbo. Cha kaka kilikuwa kimenyooka kama meza. Kona za shuka zilikunjwa kwa pembe kali, zikabanwa chini ya godoro. Tulichoma na kufukia kila kitu, lakini kitanda hatukukifikiria. Kaka alikitandika kila alfajiri, mikono ikifanya kazi bila kumuuliza.

Kamanda alipiga magoti, akaigusa ile kona kwa kidole.

"Mimi walinifundisha hivi gerezani kwao, mle kambini," akasema. "Kona isipokaa sawa, unasimamishwa juani mpaka uanguke. Wewe walikufundishia wapi?"

Kaka alimtazama mama. Angeweza kusema gerezani. Nilimwomba kimoyomoyo aseme gerezani.

"Nilikuwa dobi wao."

"Na mashuka ya wafungwa?"

"Nilifua yote yaliyoletwa. Ya damu niliyaloweka peke yake."

Kamanda aliipapasa tena ile kona. "Yalikuwa yanakuja safi," akasema, na nikadhani atainuka, atoke, afunge mlango. Lakini mmoja wa wenzake alikwisha kuingia, bunduki begani, na alikuwa amesikia. Kamanda aliinuka bila kututazama.

"Twende, dobi."

Mama alimshika kaka ukosi wa ovaroli, akawa anaunyoosha na kuunyoosha tena. Mimi nilikuwa na spana kubwa mkononi. Sikumbuki niliiokota wapi. Nilimpigia hesabu yule wa bunduki, shingo yake ilivyokuwa karibu.

Kaka aliona. Alinijia, akaitoa spana vidoleni mwangu taratibu, akaiweka mezani.

"Dogo, usitufuate. Na kesho usiende kutafuta bunduki ya kunilipizia."

"Kaka, usiniambie hivyo."

"Mama alikuwa na wawili. Anabaki na mmoja, na wewe unataka kumwachia kuta? Niahidi. Kwa sauti, naye asikie."

Nilimgeukia mama, kwa sababu macho ya kaka sikuyaweza.

"Mama," nikasema, "sitashika bunduki. Si yao, si ya hawa, si ya wowote watakaokuja. Nakuahidi."