Mtama Nyuma ya Gari

Kanda ile ilitoka Manyovu, mpakani, ndani ya mfuko wa sukari, imezungushiwa gazeti la Kifaransa. Dereva wa lori alimpa Hilali, na Hilali akanipa mimi, kwa sababu mwaka ule wa 1996 mjini Kasulu watafsiri wa video tulikuwa wawili tu, na mwenzangu hakujua Kifaransa. Mimi nilikijua kiasi. Nilijifunza kwa kitabu cha sarufi kilichoachwa na mapadri, na kwa kuwauliza Wakongo waliokuja barazani kwangu kutengenezewa redio. Kazi yangu hasa ilikuwa redio na saa. Video ilikuwa kazi ya Jumamosi mchana.

Hilali alikuwa na duka la vitambaa, na nyuma ya duka alijenga ukumbi wa mabati: mabenchi kumi na manne, televisheni moja juu ya kabati, jenereta nje. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Kazi ile ina sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mtafsiri hanyamazi. Mtu akilala kwenye picha, unasema analala na anaota nini. Gari likipita, unasema linakwenda wapi. Ukikaa kimya kidogo tu, benchi la nyuma linapiga kelele, "Fundi, umesinzia?" Kwa miaka minne hawakuwahi kunipata nimesinzia, na nilijivunia jambo hilo.

Kanda ilihusu kifo cha Gavana Manirambona, aliyeuawa ng'ambo, Burundi, Oktoba 1993. Wakimbizi wengi waliokuwa Kasulu walitoka mkoa wake. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Benchi la mbele alikaa Niyubahwe, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa maharage, mtu mzito wa maneno. Alivaa koti lake la kanisani.

Filamu ilitengenezwa na wageni, na ilitengenezwa vizuri. Msimulizi alieleza taratibu. Asubuhi gavana alitoka nyumbani. Dereva alileta gari. Darajani askari walioasi walikuwa wakingoja. Gavana aliuawa, dereva akapona. Halafu msimulizi akanyamaza. Ngoma ikalia kwa mbali, na ikaja picha ya kijana mwenye shati jeupe ameegemea gari jeusi, anacheka na askari wawili. Muda wote huo hapakuwa na neno.

Nami nikaweka maneno.

"Mwoneni dereva huyo," nilisema. "Bosi wake amelala darajani, yeye anacheka na waliomuua. Kazi imekwisha, bwana!"

Ukumbi ulivuma. Niyubahwe akasimama. "Rudisha hapo," alisema.

Nikarudisha. Na kwa kuwa sasa nilijua picha inaanzia wapi na kuishia wapi, maneno yangu ya mara ya pili yalikuja vizuri zaidi ya yale ya kwanza.

"Yuko hapa," mtu wa dirishani akasema. "Dereva mwenyewe yuko hapa."

Watu wakageuka. Karibu na mlango alikaa Nduwayezu, fundi wa baiskeli wa pale sokoni. Sote tulimjua kwa kazi yake. Kwamba aliwahi kumwendesha gavana, wachache walijua. Hakuinuka wala hakujitetea. Alitazama ile picha, kisha akanitazama mimi.

Niyubahwe alimwambia kwa sauti ya chini, lakini ukumbi mzima ulisikia: "Jumamosi ijayo kanda hii inakwenda Kibondo. Ndugu zetu wa kambini wataiona. Watakachoamua kukufanyia wewe na watu wako, mimi sitawazuia."

Mke wa Nduwayezu, Rosa, na watoto wao watatu waliishi kwenye kambi hiyo ya wakimbizi, karibu na Kibondo.

Jumatatu asubuhi Nduwayezu alikuja barazani. Nilidhani amekuja kugomba. Akavuta kigoda, akakaa.

"Leo hakuna baiskeli hata moja," alisema. "Jana pia. Mwenye pampu amekuja kuichukua pampu yake."

"Pole, ndugu yangu."

"Pole nimeipokea. Nina swali. Yule Mzungu kwenye filamu, alisema nilicheka siku ile?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. "Hapana. Alinyamaza."

"Kwa hiyo ni wewe uliyesema."

"Ni mimi. Lakini picha ilikuonyesha unacheka."

"Nimecheka mara nyingi mbele ya gari lile, Tharsisi. Nililipenda gari lile. Hiyo ni siku gani, hata mimi sikumbuki. Lakini siku ya darajani nilikuwa nimelala kwenye majani ya mto, mdomo umejaa tope."

Sikumwambia kwamba ninamwamini. Sikuwa na sababu ya kumwamini wala ya kutomwamini, na maneno ya haraka ndiyo yaliyotufikisha pale. Nilimwambia kitu kimoja ambacho nilikuwa na uhakika nacho: "Nipe hadi Alhamisi. Kitu kikiharibika mkononi mwangu, ninajua namna ya kukifungua."

Hilali aliniruhusu kuwasha jenereta asubuhi, kabla ya duka kufunguliwa. Nilichukua daftari, nikachora mistari miwili ya kusimama, zikapatikana pande tatu. Upande wa kwanza niliandika jicho linaona nini. Wa pili, msimulizi Mfaransa anasema nini. Wa tatu, mimi nilisema nini. Kila picha nilipima kwa saa ya mkononi. Picha ya dereva ilikuwa sekunde ishirini na mbili. Upande wa pili, hapo, palikuwa patupu. Upande wa tatu palijaa.

Nilirudia kanda nzima siku tatu. Niliona mambo ambayo sikuyaona siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa nikisema. Daraja lilipigwa picha likiwa limelowa mvua, majani ya kandokando yakiwa mafupi na mabichi. Picha ya dereva ilikuwa kavu. Vumbi lilikuwa kwenye matairi. Jumatano, nilipoisimamisha picha ile, ikatetemeka kama kawaida ya kanda, na mstari mweupe ukapita katikati. Mstari ulifunika nyuso zote tatu. Nikabaki nikitazama kilichobaki: gari, ukuta wa matofali, na nyuma ya ukuta shamba la mtama. Mtama mrefu, wenye vichwa vyekundu vilivyoinama.

Mimi nimezaliwa Kagerankanda. Nimefukuza ndege kwenye mtama nikiwa na miaka sita. Nilikaa kitako sakafuni, nikacheka peke yangu.

Hilali hakucheka. "Unataka kusimamisha filamu katikati, uwaonyeshe watu shamba?" aliuliza. "Wewe fundi, mtu ametoka kwake kuja kutazama gavana anauawa, unampa bwana shamba?"

"Nitawaonyesha kosa langu."

"Kosa gani? Ukumbi uliwaka! Babu yangu kule Bagamoyo aliuza vitambaa miaka hamsini, hakuwahi kusimama dukani akasema kitambaa hiki nilikusifia bure."

"Hakuuza kitambaa cha kumnyonga mtu, mzee."

Hilali akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Basi tusiende Kibondo kabisa. Kanda niitie moto."

Hilo nilikuwa nimelifikiria. "Maneno yangu yameshafika Kibondo," nilisema. "Malori ya Jumapili yameyapeleka. Tukichoma kanda, yatabaki maneno peke yake, na hayo siwezi kuyasimamisha wala kuyarudisha nyuma. Picha ninaweza."

"Utulivu wako huu unachosha kuliko kelele za wengine," Hilali alisema. "Twende. Lakini wakivunja televisheni, utatengeneza mwenyewe."

Jumamosi tulipanda Land Rover ya Hilali alfajiri. Niyubahwe alikaa mbele na koti lake. Nduwayezu na mimi tulikaa nyuma, tumeikumbatia televisheni iliyofungwa kwenye godoro. Tulipopita Makere Nduwayezu aliniuliza polepole, "Umepata nini?"

"Utaona pamoja na wenzako. Nikikwambia sasa, watasema tumepanga."

"Na kama wao hawataona?"

"Ni wakulima," nilisema. "Wataona."

Kibondo walitupa ukumbi wa kanisa. Saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa watu wa mjini na watu wa kambini, wengi wamesimama. Rosa alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Nduwayezu hakukaa naye. Alikwenda benchi la mbele, akakaa upande mmoja na Niyubahwe, pengo la watu wawili katikati yao. Watu wakaliacha pengo lile wazi, ingawa wengine hawakuwa na pa kukaa.

Nilitafsiri kama kawaida hadi darajani. Msimulizi aliponyamaza, nami nikanyamaza. Ngoma ikalia. Dereva akacheka kwenye kioo. Ukumbi ulianza kunguruma.

"Fundi, sema!" mtu akaita. "Tumesikia Kasulu ulisema!"

Nikasimamisha picha, nikainuka kwenye kigoda.

"Nilisema," niliwajibu. "Nilisema anacheka na waliomuua gavana, siku ile ile. Mfaransa hakusema hivyo. Nimesikiliza kanda hii siku tatu, hakusema. Maneno yale ni yangu. Niliyatia kwa sababu palikuwa na kimya na nilizoea kujaza."

"Kwa hiyo ulidanganya!"

"Nilisema nisichokijua. Sasa naomba nanyi mseme mnachokijua. Msitazame nyuso. Tazameni nyuma ya gari. Kuna nini?"

Sauti ya mwanamke ikajibu, "Ukuta."

"Nyuma ya ukuta?"

"Amasaka!" mtoto mmoja akapaza sauti kwa Kirundi, na watu wazima wakadakia, "Ego, mtama! Mtama ule!"

"Umefikia wapi?"

"Umeiva huo! Unangoja kisu!"

"Mwekundu kabisa, ndege wameshaanza kuula!"

"Gavana aliuawa mwezi gani?" nikauliza.

"Oktoba," wakajibu wengi kwa pamoja.

Nikanyamaza tena. Safari hii nilinyamaza makusudi. Niliwaona wakifikiri, benchi kwa benchi. Bibi mmoja aliyevaa kitenge cha kijani, Esteri walimwita, akaanza kucheka, akashika ubavu.

"Yee! Oktoba mtama upo wapi?" alisema. "Oktoba mimi nilikimbia na mbegu za maharage kwenye nguo, shamba nimeliacha jeusi, halijaota hata jani! Mtama tulishakata, tukapika pombe, tukanywa, tukasahau!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana kila mtu alielewa alichokuwa akikicheka. Mzee mmoja akasema, "Hiyo ni Julai. Juni au Julai. Waliokata picha wametuunganishia miezi."

"Kwao mtama ni majani tu," mwingine akasema. "Wangejuaje?"

Nikarudisha kanda hadi darajani, nikawaonyesha mvua na majani mafupi. Nikaenda tena mbele, nikawaonyesha vumbi. Hawakuhitaji maelezo yangu. Walikuwa wakielezana wenyewe, wakinyooshea vidole kioo.

"Julai," Nduwayezu akasema ghafla. Alikuwa amesimama. "Ni siku gavana alipoapishwa. Wale ni walinzi wake. Huyu wa kushoto alikufa naye pale darajani."

Niyubahwe akainuka.

"Fundi," aliniambia, "umeonyesha kwamba hakucheka siku ile. Hujaonyesha kwamba hakumuuza kaka yangu."

"Sijaonyesha, mzee," nilisema. "Na sijui. Filamu hii nayo haijui. Kuhusu darajani haina picha hata moja ya mauaji yenyewe. Nimehesabu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Nadhani alitegemea nibishane. Akamgeukia Nduwayezu, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Kasulu akamtazama usoni.

"Miaka mitatu uko sokoni, mimi napita kila siku," alisema. "Kwa nini hukuja kunieleza?"

"Nilikuja. Siku ya kwanza nilipofika Kasulu nilikuja kwako. Mkeo alisema umelala. Siku ya pili ulikuwa umelala. Siku ya tatu nikaelewa."

Niyubahwe alifungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Sikuwa nimelala," alisema mwisho. "Sikutaka kusikia kwamba aliteseka."

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe, kwa mazoea. Nikauteremsha, nikazima swichi.

"Sasa nataka," Niyubahwe akasema. "Kuanzia alipoamka. Usiruke kitu."

Nduwayezu akasogea, akakaa kwenye lile pengo. Akaanza kwa Kirundi, sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mwenzake njia. Kwamba gavana aliamka na mafua. Kwamba aliomba chai ya tangawizi na haikuwapo. Watu wa nyuma wakasogea mbele wapate kusikia, na Rosa akaja akakaa miguuni pa mumewe, mtoto bado mgongoni.

Hilali alinivuta shati. "Jenereta linakula mafuta," alinong'ona. "Nizime?"

"Zima," nilimwambia.

Akatoka. Kioo kikafa, na mtama ukapotea, na Nduwayezu akaendelea kusema.