Kumchagua Gathoni kwa Magoti

Usiku wa jana niliota nimesimama uani kwa kina Gathoni, suti imenibana, na mbele yangu wamepangwa wasichana waliofunikwa leso toka utosini hadi chini. Natakiwa nimtambue mchumba wangu. Hilo halikunishangaza. Ndiyo mila yetu, na shughuli yenyewe ni leo. Wiki nzima sina raha, maana binamu yangu alimshika msichana asiye wake na mpaka sasa watu hawajamaliza kumcheka.

Kilichonishangaza kidogo ni miguu. Chini ya leso hakukuwa na miguu. Kulikuwa na mashina ya kijani.

“Gathoni ni wa ukoo wa kanesheni,” akasema shangazi yake, Tata Wanjugu, ametulia kwenye kiti cha plastiki. “Yale maua ya kingo za msumeno mnayopambia magari ya harusi. Hukuambiwa?”

“Sikuambiwa, Tata.”

“Basi sasa umejua. Utakayemgusa ndiye utakayeondoka naye. Hakuna kurudisha.”

Nikaiuliza leso ya kwanza imemfunika nani. Ikajibu kwamba kazi yake ni kufunika, si kuongea, na ikaniomba nisiisumbue tena.

Hapo mbuzi wa mahari, tuliyemleta wenyewe, akanivuta suruali.

“Wasalimie kwa mbali,” akasema huku anatafuna. “Ukoo huu nimeula tangu utotoni, naujua. Wakinyosha mikono, angalia inatokea wapi.”

Nasalimia. Wa kwanza ananyosha jani moja, kisha lingine juu yake upande wa pili, kisha lingine juu zaidi, kama ngazi. “Si wa ukoo huu,” anasema mbuzi. Anayefuata ananyosha majani mawili yanayotoka mahali pamoja, moja huku, moja kule. Nafurahi.

“Punguza furaha. Mwangalie shina.”

Shina lina pembe nne kama mguu wa meza, na linanukia chai. Alikuwa mnanaa, ule wa kutia kwenye chai. Akaomba radhi, akaenda zake.

Tukaendelea hivyo mpaka wakabaki wawili. Majani yao yalikuwa mawili mawili, shina la mviringo, na kila majani yalipokutana, shina limevimba likawa goti. Jamani, yale magoti! Mimi ni fundi wa friji, nimeunga mabomba maisha yangu yote, na sijawahi kuona kiungo kimekaa safi namna ile bila alama ya kuchomelea. Nilitamani kumpigia simu mwalimu wangu wa chuo.

“Ingia ndani uhakikishe,” mbuzi akasema.

Nikapiga hatua moja, nikawa ndani ya tumbo la ua. Ni nyumba ya mviringo isiyo na ukuta wa kugawa vyumba. Katikati kuna nguzo moja, na mbegu zote zimeikumbatia.

“Mnalala hivi bila kugombana?” naziuliza mbegu.

“Tugombanie nini, na chumba ni kimoja?”

Naingia kwa yule wa pili, nako ni vivyo hivyo, nguzo moja na watoto wametulia. Natoka nikiwa na heshima kubwa kwa ukoo mzima, na sina mchumba.

“Wote wawili ni wa ukoo,” nikamwambia mbuzi. “Sasa Gathoni ni yupi?”

“Mimi najua ukoo. Mchumba ni wako.” Akaanza kula leso zao.

Wa kushoto alikuwa kanesheni mwekundu, petali zimechanwachanwa kingo, ananukia karafuu. Mrembo hasa. Wajomba zangu wakapiga makofi. Wa kulia alikuwa yale majani madogo tunayong’oa shambani na kuwatupia kuku. Ua lake jeupe lilikuwa dogo kuliko kifungo cha shati. Nilidhani lina petali kumi. Nikainama: kumbe ni tano, kila moja imepasuliwa karibu mpaka chini.

“Chagua, kijana,” anasema Tata. “Wageni wana njaa.”

Naogopa, kusema kweli. Simtaki mwingine.

Ndipo naona shina la yule mdogo. Lina mstari mmoja tu wa manyoya, mwembamba, unapanda upande wa kulia. Ukifika kwenye goti unahamia upande wa pili. Goti linalofuata, unahama tena.

Gathoni hawezi kutembea nami upande mmoja. Kila tukifika kona anahama, mara kulia, mara kushoto. Nikimwambia atulie, ananizungusha kichwa, hunijibu, “Nataka nikuone pande zote.”

Nikamshika kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote, kabla Tata hajabadilisha sheria.

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita. Ni Gathoni, na nyuma yake shangazi zake wanagombania pasi.

“Muriithi, leo ukinishika, nishike polepole,” akasema. “Mkono bado unaniuma.”