Hatua Elfu Thelathini za Kitini

Mji mzima haukuwa na mwanamke anayetembea kama Mama Pindo, na wala hakuwa akiinuka kwenye kiti.

Alikuwa fundi wa sare za shule, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu pindo lake halikuwahi kwenda kombo. Miaka ishirini na sita alikuwa ameketi nyuma ya cherehani ile ile ya kukanyaga, akishuka kitini kwa mambo mawili tu: chai na choo. Kurudi nyumbani alipanda basi, vituo vinne, na kama dereva angekubali kumshusha jikoni asingekataa.

Habari za kutembea zilianzia kliniki. Alikwenda na mdogo wake, msusi, waliyeishi naye katika nyumba aliyowaachia mama yao. Mama huyo alikufa kwa saratani ya matiti, na msusi alikuwa ametimiza umri ule ule ambao mama aliugua. Walipimwa wote wawili wakaonekana wazima. Muuguzi hakuwaacha waondoke na furaha yao hivi hivi. Aliwauliza wanaishije, nao kwa bahati mbaya wakajibu ukweli.

"Siwapi hati kwamba hamtaugua," alisema. "Mnapunguza uwezekano, basi. Wewe dada, unakaa kutwa na uzito unapanda. Tembea. Na wewe mdogo, hizo bia tatu za kila jioni, achana nazo. Pombe nayo inachangia."

Msusi alitoa macho. "Si wanasema inaharibu ini?"

"Ini lina foleni yake."

Wakala kiapo pale pale getini. Siku tisini: dada hatua elfu nane kila siku, mdogo asiguse chupa. Mmoja akivunja, mwenzake yuko huru. Msusi akamnunulia dada yake saa ya kuhesabu hatua, na kalenda ikatundikwa ukutani jikoni ili kila mmoja aandike zake kila jioni.

Siku mbili Mama Pindo alitembea kweli, akienda kazini na kurudi kwa miguu huku akiwalaani muuguzi, viatu na aliyebuni milima. Siku ya tatu, kazini, saa ilimbana. Mkono wa kushoto fundi hufunga kimto cha pini, na vitu viwili haviwezi kukaa pamoja mahali padogo namna ile. Akaihamishia kwenye kifundo cha mguu, kwa nia njema kabisa. Kufika saa ya chai ilikuwa imehesabu elfu tisa.

Aliitazama. Akakanyaga mara moja, ikaongeza moja. Mtu mwingine angeiona ni hitilafu. Mama Pindo aliona ni haki yake imechelewa miaka ishirini na sita. Jioni hiyo alipanda basi, akaingia jikoni na macho makavu, akaandika: 31,200.

"Dada!" Msusi alishika kichwa. "Na magoti hayo?"

"Ukiamua, unaamua tu," alijibu mwanariadha wetu, akaomba sukari zaidi.

Wiki zikapita kwa mbwembwe. Siku ya sare nyingi aliandika elfu thelathini na tano. Siku ya vifungo, ambavyo hushonwa kwa mkono, aliandika elfu nane na kidogo na kuilaumu mvua. Kazini alianza kutoa mawaidha. Mkata vitambaa, mwanamke aliyeshinda amesimama kutwa nzima mezani, alishauriwa ajitahidi kuishi kwa afya. Sketi ya Mama Pindo, isiyojua kutia chumvi, iliendelea kumbana kiunoni, naye akaisingizia sabuni.

Siku ya hamsini na nane maji yalikatika saluni, msusi akafunga mapema. Akaona vyema ampitie dada yake, kwa mara moja watembee pamoja. Alifika mlangoni mwa karakana cherehani ikiwa imepamba moto. Akaona mguu mtupu unapanda na kushuka, na kwenye kifundo saa inawaka taa ya kijani, ikimpongeza mwenyewe.

Mkata vitambaa alikumbuka ghafla kazi aliyoiacha stoo.

Msusi hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa. "Dada, na mimi nitafutie mashine ya kuacha pombe mtu akiwa baa."

Mama Pindo aliondoa mguu kwenye kikanyagio. "Mdogo wangu, hii... ilianza kwa bahati mbaya."

"Wiki ya kwanza nililia bafuni. Nilifungulia bomba usinisikie. Mpaka leo naongeza mitaa miwili kurudi nyumbani nisipite wanapokaa wenzangu. Kila nikitaka kurudi kwenye chupa nasoma namba zako ukutani. Najiambia, dada na magoti yale elfu thelathini, mimi nishindwe na bia?"

Mama Pindo aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Niliogopa," alisema hatimaye. "Nikitembea kwa ajili ya ule ugonjwa, ndiyo nimekubali kwamba unaweza kunijia mimi. Kitini hapa nilikuwa nashona tu."

"Mimi niliogopa pia. Lakini mimi niliacha kweli."

Msusi akatoka. Alirudi na chupa moja ya bia, baridi, inatoa jasho. "Kiapo umekivunja, kwa hiyo niko huru. Ila nakupa nafasi moja. Elfu nane za kweli kabla jua halijazama, naimwaga. Zikipungua, nainywa."

Mama Pindo alivaa viatu, akaivua saa mguuni na kuirudisha kwenye sifuri. Kimto cha pini akakiacha mezani, saa akaifunga mkononi.

Walitembea. Basi lilipita, akalitazama kama ndugu anayesafiri. Mlimani alisimama mara tatu, mkono kiunoni, na mara zote tatu msusi alisimama hatua mbili nyuma yake, chupa mkononi. Walipofika nyumbani saa ilisema 4,310.

"Haijatimia," alisema msusi. Mama Pindo akaona jinsi vidole vyake vilivyoibana ile chupa. Hakuwa akitania. Alikuwa akiitaka.

Basi akaanza kuizunguka nyumba. Msusi aliketi kizingitini, kifungua chupa mkononi, akihesabu mizunguko kwa sauti. Wa ishirini, Mama Pindo alitupa viatu. Wa arobaini, alikuwa analia na kutembea. Majirani walitoka kutazama, akawapungia mkono.

Jua lilikuwa limegusa paa aliponyoosha mkono kumwonyesha mdogo wake: 8,002.

Msusi akaifungua chupa, akaimwaga bia yote kwenye mchanga, akafunika uso.

Mama Pindo aliketi kando yake, nyayo zinawaka. Alihema mpaka akaweza kusema.

"Kesho uje tena na chupa, nitembee."