Sandwichi ya Ukweni

Kibara nzima ilijua kwamba Leodgar ana ulimi mbaya. Si wa kusengenya watu, wa kuonja. Aliendesha malori miaka thelathini, Sirari hadi Tunduma, akala kila palipofuka moshi, na alichorudi nacho nyumbani ni ujuzi mmoja tu: kukitambua chakula kibovu kabla hakijafika kooni. Na akishakitambua, husema. Hapo ndipo shida yake ilipo.

Mwaka juzi alisema ukweni Mugeta. Mwanawe Fredi alikuwa amepata msichana huko, wazee wakakaa, ugali ukaletwa. Leodgar akamega tonge, akalitazama, akawaambia wenyeji wake, "Huu haujaiva. Mkiurusha ukutani utarudi na tofali." Watu wa Mugeta hawakucheka. Posa ilifia palepale, kabla ya mboga.

Sasa Fredi ana miaka thelathini na minne, na amempata Dorah wa Butiama. Safari hii, siku ya kuondoka kwenda kuposa, mke wa Leodgar, Matrida, alimfuata mumewe hadi barabarani, kitenge kikiwa hakijakaa sawa kiunoni.

"Baba Fredi, nisikilize. Ukiona hakimezeki, meza."

"Na nikishindwa?"

"Meza tena. Mtoto akikosa na huyu, hapa nyumbani usirudi kula. Utakulaga huko huko kwa mama ntilie."

Kwa hiyo aliondoka Kibara ameapa kufunga mdomo. Kiapo kilidumu hadi Bunda.

Pale stendi alinunua chapati iliyokunjiwa dagaa. Kwa macho ilikuwa nzuri, ina vitunguu, ina pilipili. Akauma. Meno yakalia *kru*. Akasimama tuli kama mtu aliyekanyaga msumari. Mtu aliyekulia Kibara hahitaji kuambiwa ile sauti ni ya nini.

"Mama, hii dagaa ilianikwa wapi?"

"Si ziwani, baba."

"Ziwani kwenye chanja, au ziwani chini?"

"Chini. Mchanga si kidogo tu? Wenzako wanakulaga."

"Nimelipia dagaa, wewe umenipa na ufukwe!"

Alitema pembeni ya gurudumu la basi, akatema tena, na mchanga ukambakia kwenye ufizi hadi Musoma. Akawa anauchokonoa kwa ulimi njia nzima, na kila chembe aliyoipata ilimchefua upya.

Musoma alilala kwa Chrispin, mzee mwenzake, aliyekuwa utingo wake enzi za malori na sasa ndiye mshenga. Chrispin ni mtu wa kula chochote. Asubuhi akampeleka karibu na mwalo wa kushushia samaki, mahali ambapo wanapasua mkate na kuingiza kipande cha sangara wa kukaanga. "Hii ndiyo sandwichi ya Musoma," akasema kwa majivuno. "Mgeni akitoka kupiga picha mawe yetu ya ziwani, anakuja hapa."

Leodgar alitazama karai. Mafuta yalikuwa meusi, mazito, na juu yake vilielea vipande vya samaki wa jana, pengine wa juzi. Alifahamu rangi ile. Alishaimwaga mara nyingi kutoka chini ya injini. Mkate ulipoguswa na samaki uliyanywa yale mafuta kama utambi wa kibatari, na alipoubonyeza yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Chrispin, huyu samaki amekufa mara mbili."

"Kula, bwana. Safari ndefu."

"Mara ya kwanza walimvua. Mara ya pili walimkaanga."

Chrispin alikula chake, halafu akala na cha Leodgar, akajifuta vidole kwenye suruali. Leodgar akageuza uso atazame ziwa, maana kumtazama rafiki yake akitafuna kulimchafua moyo.

Walifika Butiama saa nne, na walikuwa wameitwa saa sita. Si adabu kuwahi ukweni, na si adabu kufika na njaa inayoonekana machoni. Chrispin akashauri wapande Mwitongo, waone makumbusho na kaburi la Mwalimu, wapoteze muda kiheshima. Wakazunguka. Wakavua kofia panapovuliwa kofia. Leodgar aliyaheshimu yote, lakini tumbo lake tangu jana lilikuwa na mchanga na chai tu, na alipokuwa anaelezwa habari za vifaa ndani ya kabati la kioo, aliona kioo tu, na ndani ya kioo uso wa mzee mwenye njaa.

Walipotoka alisikia harufu. Nje, hatua chache kutoka getini, kulikuwa na kibanda cha mabati kimefungwa, na jiko lake la mkaa bado lina joto. Harufu ilikuwa ya chapati iliyopikwa na mtu asiye na haraka. Leodgar akazunguka kile kibanda mara mbili.

"Mmekosea siku," mlinzi akawaambia. "Huyu mama ndiye mwenye chapati dagaa. Wanafunzi, mapadre, wazungu, wote wanakulaga hapa. Leo kapika chache za nyumbani, kafunga. Ana ugeni."

"Ugeni gani unazidi biashara?" Leodgar akauliza kwa uchungu.

"Mzee, mimi nalinda geti."

Wakaenda ukweni na njaa yao.

Kwa mama yake Dorah walipokelewa vizuri mno. Mama mwenyewe, Hilda, alikuwa mjane, na mzungumzaji wa familia alikuwa kaka yake, Masatu, mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anayehesabu mbegu. Makochi yalikuwa na vitambaa vilivyofuliwa. Masatu akawakalisha, akasali, kisha akaeleza utaratibu wa nyumba yao ili pasiwe na mtu wa kusema hakujua.

"Kwetu, mkwe haanzi maneno na njaa. Mnakula kwanza. Sahani ikirudi jikoni tupu, tunaongea. Ikirudi na kitu, basi mkwe kasema neno lake, na sisi tumelisikia."

Chrispin akamkanyaga Leodgar mguu, taratibu, kwa onyo.

Hilda akaingia na sahani mbili, akapiga goti. "Nimesikia mkwe wetu ni mtu wa kutembea," akasema, macho chini. "Nikasema, mtu kama huyo nisimwekee vya kwetu hivi. Nimemtafutia sandwichi."

Leodgar akatazama sahani yake.

Zilikuwa nne, zimekatwa pembe tatu, kingo za mkate zimeondolewa, kila moja imechomekwa kijiti cha meno. Mkate mweupe wa slesi, umelowa. Ndani soseji baridi, ya rangi ile ya waridi ambayo hakuna mnyama anayo. Siagi. Mayonesi iliyokaa na joto la Butiama tangu asubuhi hadi ikaanza kutoa maji pembeni na kugeuka manjano. Na juu ya mayonesi, tomato ya chupa, tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Aliuma. Mkate ulishikana na kaakaa la juu ukakataa kuondoka. Soseji ikateleza chini ya meno kama kitu kinachotaka kutoroka. Mayonesi ikatangulia yenyewe kooni, bila kuitwa. Mate yakamjaa yale ya kabla ya kutapika, mepesi, ya chumvi. Akamfikiria Fredi. Akameza. Akamfikiria Matrida amesimama barabarani. Akameza tena. Ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, jasho likamtoka kipajini.

Chrispin alishamaliza zake zote, akawa anashushia soda.

Ya tatu ndiyo iliyomshinda. Aliisogeza mdomoni, mwili mzima ukakataa. Masatu alipogeuka kufungua dirisha, Leodgar akaifunga kwenye leso, haraka, akaitia kwenye mfuko wa koti. Ikabaki ya nne.

Hilda akarudi. Alipoona sahani imebaki na moja, uso wote ukamng'aa. "Kumbe mkwe amependa!"

"Mama, umejisumbua sana," Leodgar akasema, na huo haukuwa uongo. Akasimama kwa heshima. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, na mkono, kwa mazoea ya miaka sitini, ukaingia mfukoni, ukatoa leso, ukafuta uso.

Alijipaka kutoka kipajini hadi kidevuni. Kipande cha soseji kikamwangukia kifuani, kikatulia kwenye kitufe cha shati.

Chrispin akaweka soda chini.

"Mzee," Masatu akasema polepole, "umejipaka nini?"

Leodgar angeweza kusema chochote. Tayari mdomo wake ulishasema kabla hajaamua. "Sandwichi. Nimeshindwa kuila. Nisameheni, wakwe, ila hii kitu ni mbaya. Imenishinda."

Hilda hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Juzi nimeenda Musoma kuitafuta hiyo soseji," akasema. "Nimekata kingo na kisu, moja moja, ili zilingane. Mimi mwenyewe niliionja nikaona haipiti. Nikasema labda ndiyo waliotembea wanavyokulaga. Na wewe ukaificha mfukoni kama mwizi!"

"Mama…"

"Usiniite mama. Kaa hapo."

Akatoka. Wakasikia mfuniko wa chungu jikoni. Leodgar akajua kilichotokea Mugeta kinatokea tena, na safari hii hakuna ugali mbichi wa kuulaumu. Hilda aliporudi hakupiga goti. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye karatasi ya daftari, akakitupa mapajani kwa Leodgar.

"Hii ndiyo nauzaga getini. Ya wapita njia. Wewe si mgeni wangu tena, ni mpita njia. Kula uende."

Leodgar akakunjua karatasi. Chapati, bado ina vuguvugu, imekunjwa kama mkeka. Akauma kwa woga, akingoja ile *kru*.

Haikuja. Dagaa walikuwa wakavu, safi, wameanikwa juu kwenye chanja na mtu anayejua upepo unatoka wapi, wamekaangwa na kitunguu hadi wanavunjika kama vijiti vya kuwashia moto. Nyanya mbichi. Pilipili inayokuja baadaye, bila fujo. Ndimu. Chapati ilichanika kwa tabaka, moja moja. Alikula bila kuinua kichwa, akala hadi na zile chembe zilizobaki kwenye mkunjo wa karatasi, uso wake bado una mayonesi.

"Mama Dorah," akasema alipomaliza, "nimekula barabara zote za nchi hii. Hii…"

"Hiyo haihesabiki." Hilda alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Hiyo si ya sahani. Ulichowekewa kama mkwe ni kile pale."

Wote wakatazama mezani. Ya nne ilikuwa imekaa peke yake na kijiti chake, imezungukwa na maji ya manjano. Nzi alishaitembelea.

"Ina maana nikiimaliza…" Leodgar akaanza.

"Utaratibu ameusema kaka yangu. Sahani tupu." Akainua kidevu kuelekea koti la Leodgar. "Na ile ya kwenye leso."

"Dada," Masatu akasema, "ile ya kwenye leso ameshaivaa."

"Niliipika mimi. Najua ni ngapi."

Leodgar akaketi. Akaifungua leso juu ya sahani, akavikusanya vilivyobaki, nyuzi za koti na vyote, akachukua na kile kipande cha soseji kilichokuwa kwenye kitufe. Utamu wa dagaa ulikuwa bado mdomoni, na alisikitika kuupoteza kuliko alivyosikitikia kitu chochote mwaka huo. Akaanza na ya nne. Ikateleza kidogo, ikasimama, ikateleza. Alikula macho yakiwa wazi, yakimtazama Hilda, machozi yakimtoka. Chrispin, ambaye hajawahi kukichukia chakula maishani, aligeukia ukutani.

Ilipofika ile ya leso alisimama mara moja, akashika meza kwa mikono miwili. Masatu akanyanyuka kumletea ndoo. Leodgar akatikisa kichwa. Akameza. Akangoja. Akameza tena.

Hilda akachukua sahani, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaipitisha kidole, akamwonyesha kaka yake.

"Tupu," Masatu akakubali.

Hilda akavuta kigoda, akaketi mbele ya wageni wake. "Haya, mkwe," akasema. "Mmeleta maneno gani?"

Leodgar akafungua mdomo, akaufunga upesi, akaweka kiganja juu yake. Kwa mkono mwingine akamnyooshea kidole Chrispin, aseme yeye.