Kitovu Chini ya Saiprasi

Patrobas aliingia nyumbani jioni, na kabla hajavua viatu nikamwambia, "Simama hapo hapo."

Akasimama mlangoni, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. "Sasa nimefanya nini, mathe?"

Nilimshika kola, nikaweka pua kwenye shati lake, nikavuta. Jirani yangu Mukai, Mkamba ambaye macho yake hayapitwi na kitu, alikuwa ameketi kwenye kigoda changu akichambua mchicha. Akaguna. "Ngai! Mama Pato, unamnusa mwanamume mzima hivyo? Amekunywa?"

"Si pombe," nikasema. "Ananukia kwetu."

Na haki ya Mungu alikuwa ananukia kwetu. Ilikuwa harufu ya mbao mbichi za saiprasi, zilizopasuliwa juzi juzi, ule utomvu ambao ukiuvuta unakaa kooni mpaka asubuhi. Sikuwa nimeipata harufu hiyo tangu nihamie Baba Dogo, mtaa wa viwanda hapa Nairobi, mahali ambapo upepo ukitoka huku unanuka sabuni, ukitoka kule unanuka mpira, na usipotoka popote unanuka mto. Niliketi sakafuni kando ya Mukai, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Mimi si mtu wa kulialia. Waulize wanaonunua dagaa wa omena kwangu, watakwambia Mideva ana mdomo na hana machozi. Lakini msitu ni jambo lingine kabisa.

Nilipoolewa na Luseno, shamba la babake huko Maragoli lilikuwa limegawanywa kwa ndugu mpaka sehemu yake ingetosha kitanda na kiti. Kwa hivyo tukaenda kuwa watu wa msitu. Ilikuwa hivi: unapewa kipande kilichokwisha kukatwa miti, unapanda miche ya serikali kwa mistari, na katikati ya mistari unalima mahindi na maharagwe yako. Ukipalilia mahindi unapalilia na miche. Miche ikikua na kuanza kukutilia kivuli, mahindi yanakataa, na wewe unahamishiwa kipande kingine ukaanze upya. Yaani ukiulea mti vizuri, unakufukuza. Tulikula tukashiba huko, sitasema uongo, lakini hatukuwahi kuwa na mahali pa kusema hapa ni petu.

Huko ndiko nilikomzaa Patrobas, katikati ya mistari, mvua ya mawe ikinyesha. Rafiki yangu Muhonja ndiye aliyenizalisha. Sasa, kwetu kitovu cha mtoto kikianguka huzikwa nyuma ya nyumba, penye migomba, na hapo ndipo kwao hata akienda kuishi Ulaya. Luseno akasema tukizike kwenye mgomba wetu uliokuwa nje ya kibanda. Nikamwuliza, "Mgomba gani? Huu tutakaouacha tukihamishwa?" Nikachukua jembe, nikaenda mpaka mwisho wa mstari, karibu na jiwe ambalo sisi wanawake tulinolea majembe, nikakizika chini ya mche wa saiprasi nilioupanda kwa mkono wangu.

Luseno alinifuata. "Mideva, huo mti ni wa serikali."

"Serikali haina mkono," nikamwambia. "Mkono ni wangu."

Patrobas alikuwa hajajua kukimbia vizuri Luseno alipopata kazi kiwandani, tukahamia Nairobi. Miaka ikapita, tukasikia amri imetoka kwamba watu wote waondoke msituni, na kile kijiji chetu kikabomolewa. Muhonja na wengine wakajibanza nje, kando ya barabara. Hapakuwa tena na pa kurudi. Kilichobaki ni ule mti tu. Kila Patrobas alipojisifu, "Mimi sina ocha, ocha yangu ni Baba Dogo," yaani hana kijiji cha kwao, nilimjibu kwamba ana kwao, kuna mti umesimama mahali unamngoja. Akacheka. Ni mtoto wa mtaa huyo, na hiyo Sheng yake mimi nashika nusu tu.

Basi jioni hiyo nilipomaliza kujipangusa macho nikamwuliza mbao zimetoka wapi. Patrobas alikuwa kibarua kwenye yadi moja ya mbao, kazi yake kushusha mizigo ya malori.

"Magharibi," akasema, akautaja msitu wetu kwa jina, bila habari, kama mtu anayetaja duka la pembeni. "Wameanza kuzileta wiki hii, hii mvua ya El Niño ilipoisha. Wanakata kipande kizima, wanaingia kingine."

"Kipande gani?"

"Mathe, nitajuaje? Mbao ni mbao."

"Kesho mwulize dereva kama ameona jiwe kubwa lenye mikwaruzo ya majembe."

Alinung'unika, lakini aliuliza. Siku iliyofuata aliingia polepole, hata hakutafuta chakula. "Anasema jiwe liko. Wakataji wanalikalia wakila mchana. Anasema wamekata mpaka karibu nalo."

Usiku huo sikulala, na asubuhi sikufungua biashara. Luseno alinitazama nikifunga leso kichwani, akauliza nitaenda kufanya nini huko, nitaukumbatia mti?

"Nitaukumbatia," nikasema.

"Na wakija na msumeno?"

"Watakata na mimi."

"Mideva." Alikuwa ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Ile miti ilipandwa ikatwe. Tulijua."

Alijua, na mimi nilijua. Lakini mtu anaweza kujua kitu miaka ishirini na bado akaomba Mungu kisije. Luseno akavaa kile kiatu kingine. "Enda na Patrobas basi," akasema. "Kitovu ni chake."

Tulifika kesho yake asubuhi. Muhonja alinitambua kwa sauti kabla hajaniona, maana nilikuwa nikimgombeza Patrobas kwa kutembea kama bwana harusi. Akatoka kwenye kibanda chake kando ya barabara, mzee kidogo, meno machache, kicheko kile kile. Hata mimi hakunisalimia. Alimwendea Patrobas moja kwa moja.

"Huyu ndiye wa mvua ya mawe?"

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumweleza alivyotoka tumboni ameshika sikio lake mwenyewe, alivyopiga kelele kuliko ile mvua, alivyofunikwa kwa gunia la maharagwe. Wengine wakaja. Mmoja alikumbuka alivyokula udongo. Mwingine akasema ana mwendo wa babake. Nilimtazama mwanangu. Pale yadini anaitwa "wewe", na mtaani anaitwa Pato, na hakuna hata mmoja anayejua alizaliwa vipi. Alisimama katikati yao ameinamisha kichwa, na hakusema lolote la Sheng.

Kisha nikasema twende kwenye jiwe. Muhonja akaacha kucheka. Nikajua.

Tulitembea juu ya visiki. Mahali palipokuwa na kivuli mpaka unawasha taa mchana, sasa jua lilikuwa linatupiga utosini. Hata kijito tulichokunywa maji yake bila kuchemsha kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, na Muhonja akaniambia watoto wanaharisha kila mvua ikinyesha, na maji safi sasa wanayafuata ng'ambo ya kilima. Jiwe lilikuwepo. Mwisho wa mstari, karibu nalo, kulikuwa na kisiki kipana kuliko sinia langu la omena, na utomvu wake ulikuwa bado unatoka.

Tulichelewa. Labda kwa juma moja, labda kwa siku mbili tu, sijui. Niliumia, jamani. Nilikaa juu ya kisiki nikaweka kiganja kwenye ule utomvu kikanata. Miaka yote nilimwambia mtoto ana kwao, na nilichokuwa namwonyesha kilikuwa kimeshapakiwa kwenye lori.

Patrobas alichuchumaa kando yangu.

"Pengine umeshaubeba begani," nikamwambia.

"Pengine," akasema. Akajipapasa bega, hata sidhani alijua anajipapasa.

Muhonja hakunibembeleza, si tabia yake. Alisema, "Ukimaliza kulia, kuna kazi." Akatuonyesha kando ya kijito. Wanawake wa hapo walikuwa wamepewa ruhusa kupanda tena, lakini safari hii huku majini hawakutaka saiprasi. Walitaka mikumu na mitere, miti ya zamani, ile iliyokuwepo kabla ya mistari, na ya hapo haitakatwa. Miche walikuwa wameilea wenyewe kwenye pakiti za maziwa nyuma ya vibanda. Maharagwe wangepanda katikati kama zamani. Kulala msituni ndiko kusiko na ruhusa.

"Miche tunayo," akasema Muhonja, "migongo ndiyo hatuna. Palizi ya miaka mitatu si ya vikongwe. Na vijana wetu wote wako huko kwenu Nairobi wakibeba mbao zetu."

Alisema akimtazama Patrobas. Huyo mwanamke ni mkorofi.

Patrobas akavua saa yake, akanipa nishike, akachukua jembe. Alichimba mashimo mpaka jua likashuka. Hajui kulima, shimo la kwanza lilitosha kuzika mbuzi, wanawake wakamcheka mpaka wakakaa chini. Shimo la mwisho alilichimba karibu na jiwe, kando ya kisiki, ingawa hapo si majini na hapakuwa kwenye mpango. Akachagua mkumu mmoja, akaupasulia pakiti yake ya maziwa taratibu kwa kisu, akaupanda. Mimi nilikuwa nimeketi nikiangalia vidole vyake vinavyoshindilia udongo, na nilitaka kubaki hapo, nisidanganye. Nilitaka kunoa jembe kwenye lile jiwe na nisiione Baba Dogo tena. Lakini wasichana wangu wawili wako shule, na Luseno hawezi hata kuchemsha maji.

Jioni nikamwambia Patrobas akanawe, tuwahi basi ya usiku.

"Rudi wewe, mathe. Mimi nabaki."

"Kubaki wapi?"

"Kwa Muhonja. Ana kibanda cha kuku hakina kuku."

"Na kazi yako?"

"Kazi gani? Asubuhi unasimama getini wanakuchagua ama hawakuchagui." Alikuwa anakwangua udongo kwenye kiganja. "Nimebeba mingapi ya hii miti? Wacha nirudishe kidogo."

Sikia sasa jinsi moyo wa mtu ulivyo wa ajabu. Kitu nilichokuwa namwombea tangu akiwa mgongoni, kwamba siku moja asimame mahali aseme hapa, kilikuwa kimekuja mbele yangu kwa miguu yake miwili. Na mimi nikamkaripia. Nikamwambia hajui palizi, ataugua malaria, watu wa huku wanamdanganya, atakonda, aache mchezo.

"Chukua shati lako," nikasema, "twende nyumbani!"

Akanicheka, lakini kwa upole. "Nyumbani wapi tena, mathe? Si umesema ni hapa?"

Muhonja alijifanya anatafuta kitu kwenye nyasi. Nikamrudishia saa yake, nikamfunga mwenyewe mkononi kama nilivyomfunga vifungo vya shule, nikapanda barabara bila kugeuka nyuma, maana ningegeuka ningerudi.

Huu ni mwezi wa tano tangu abaki. Dereva wa lori hutuletea habari akipitia yadini: mikumu imeshika, maharagwe yamevunwa, Patrobas amenenepa na ameanza kusema Kimaragoli kibaya. Mukai anasema nishukuru Mungu. Nashukuru. Nashukuru halafu napakua ugali wa watu watano, nakumbuka, narudisha wa mmoja sufuriani.

Lile shati lake la kazi aliliacha siku ile tuliyosafiri, liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Mukai ameniuliza mara ngapi nitalifua lini, limejaa vumbi la mbao. Nimemwambia aachane na nguo za watu. Harufu ya saiprasi imekwisha kabisa. Iliyobaki ni ya jasho lake, nayo iko kwenye kola tu, na ni lazima uvute sana.

Luseno hunicheka akinikuta hapo. Ananiambia nimezeeka vibaya. Lakini jana omena ziliisha mapema nikarudi kabla ya saa yangu, nikasukuma mlango kidogo, nikamwona amesimama penye ule msumari akiwa na nguo za kiwandani, macho amefumba, uso wote ndani ya shati. Niliurudisha mlango taratibu. Nikaenda mpaka kwa Mukai, nikageuka, nikaja tena nikikohoa kwa nguvu.