Kisanduku cha Fundi Randa

Kwanza mjue, yule mwanamke si mjinga. Alimsikia muuguzi vizuri, tena mara mbili: vidonge vya moyo vya kuweka chini ya ulimi vikae ndani ya chupa yake ya kahawia, kifuniko kikazwe, la sivyo nguvu yake huruka na kubaki chaki tupu. Mumewe, seremala ambaye mtaa mzima humwita Fundi Randa, hakuwa anasikiliza. Alikuwa juu ya mashine ya mazoezi ya kutembea pale kliniki, akiwatania wagonjwa wenzake wa moyo: "Jamani, tunakwenda wapi na mbona hatufiki?"

Tangu moyo umwangushe karakanani, miezi miwili ilipita bila kushika chombo. Alishinda akitazama viganja vyake. Kwa hiyo siku mkewe alipomkuta anapiga msasa huku anaimba, machozi ya furaha yalimtoka. Fundi alikuwa ametengeneza kisanduku cha kutia mfukoni, kona zimeshikana bila msumari, ndani pamba, juu vanishi. Akamimina vidonge vyote humo, chupa akaitupa.

"Mimi seremala nibebe kichupa? Thubutu! Hebu pitisha kidole, mama watoto. Unaona kilivyo laini?"

"Kizuri kweli," mkewe akasema.

Na hapo ndipo alipokosea. Aliogopa kumvunja moyo mtu ambaye moyo wenyewe ulikuwa na viraka. Nitamwambia kesho, akajisemea. Kesho ikazaa kesho, hadi wiki tano. Kila asubuhi walipotoka kutembea, alikiona kisanduku kimetuna mfukoni mwa mumewe, akatazama kando. Mficha uchi hazai, alilijua hilo. Mwisho akapanga kwamba Jumatatu, wakienda kliniki, ataomba chupa nyingine kimyakimya, Fundi asijue.

Jumamosi, kwenye kilima cha tangi la maji, Fundi akasimama ghafla. Jasho lilikuwa likimtiririka, na mkono ulikuwa kifuani.

"Imekuja ile hali?" mkewe akauliza.

"Imekuja. Usihofu, mlinzi wangu ninaye," akasema, akakitoa kisanduku.

Akaketi ukingoni mwa mtaro, kama alivyofundishwa, akatia kidonge chini ya ulimi. Mkewe alipiga simu hospitali. Wakamwambia gari litachukua nusu saa. Nusu saa! Alitamani kupiga kelele, lakini nani angemsikia kule juu?

Fundi alitulia, akingoja. Midomo yake ilianza kubadilika rangi.

"Kile walichonipa wodini kiliwasha ulimi kama pilipili," akasema polepole. "Hiki hakiwashi."

Akatia cha pili. Akangoja tena, kisha akakigeuza kisanduku mkononi, akakinusa. Halafu akamtazama mkewe. Wameishi pamoja miaka thelathini na moja, na hakuna uso aliokuwa anaujua vizuri kuliko huo.

"Mama watoto," akasema, "mbona hushangai?"